Mkono Juu ya Shuka

Mama mkwe wake hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa ofisi kwa kiwiko, chupa ya chai mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, na Sista Subilaga akajua palepale kwamba kuna jambo. Bibi Tusekile alikuwa mtu wa kusalimia kila kiumbe, mpaka mbwa wa jirani. Siku hiyo hakusalimia. Alisema pale kitandani kwa mumewe pana harufu.

Subilaga akamwambia ni dawa ya kupigia deki. Bibi akasema deki amepiga maisha yake yote na dawa zake anazijua, hii si dawa. Basi Subilaga akageuza kioo cha kompyuta ya mezani ili mama mkwe ajionee mwenyewe. Wodi ya Saba, vitanda sitini na viwili, taa sitini na mbili, zote za kijani. Kitanda cha tatu, Anyelwisye Mwakalobo, miaka sabini na nane, kiharusi, siku ya ishirini na tatu. Ngozi nzima. Hivyo ndivyo lilivyosema godoro, na godoro lile haliwezi kukosea, kwa sababu aliyelifundisha ni yeye.

"Mama," alisema, "godoro linamgusa baba usiku na mchana. Mimi na wewe tungemgusa mara nne kwa siku tungejisifu."

"Mimi nilikuwa namgeuza mara kumi na mbili," bibi akajibu. "Miaka miwili. Na hakuwahi kunuka."

Maneno hayo yalimchoma Subilaga, na tusimwonee, alikuwa na sababu ya kujivuna. Nchi ilikuwa imeshaanza kusahau vidonda vya kulalia. Miaka sita nyuma kila hospitali kubwa ilikuwa na manesi wa ngozi, watu waliosomea jambo moja tu: kuhakikisha kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza haozi akiwa hai. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na kitanda, damu haipiti, na saa mbili zinatosha kuanza kuiharibu. Vitabu vya kigeni vilisema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu utautazama mpaka ukonde. Subilaga alitumia mgongo wa kiganja kutafuta joto, kisha vidole viwili kutafuta ugumu, maana nyama inayoanza kufa hupata moto kwanza, halafu hukakamaa, halafu hulegea kama parachichi lililopitiliza. Yeye alikuwa akiikamata kwenye moto. Kati ya manesi wote wa ngozi nchini, hakuna aliyekosea mara chache kama yeye.

Ndipo kampuni ikaja na magodoro yake, ikayaita Mlezi. Yalikuwa na mamia ya vifuko vya hewa vinavyojaa na kunywea, na juu yake kitambaa chenye kuhisi. Kwa akili yake lenyewe godoro halikujua kitu. Lilihitaji mkono wa kuiga. Wakachukuliwa manesi watano, wakavishwa glavu nyembamba zilizofumwa nyuzi za kuhisi, na kwa mwaka na nusu kila walichogusa kikanaswa: joto, ugumu, unyevu, na neno ambalo nesi aliandika baada ya kugusa, "nzima" au "inaanza". Mwishoni ikapimwa mikono yote mitano. Minne ikatupwa. Wa Subilaga ukaingizwa katika kila godoro kwenye hospitali thelathini na mbili, na magodoro yakawa yanawageuza wagonjwa kila yalipohisi moto. Penye ngozi nzima yalimwacha mtu apumzike. Manesi wa ngozi walihamishwa au wakastaafishwa, na hapo hospitali ya Itekenya akabaki yeye mmoja wa kutazama taa.

Kwa hiyo aliposimama kumfuata mama mkwe, alisimama kwa hasira kuliko kwa hofu. Hofu ilikuwa nyingine. Tangu aolewe, miaka ishirini na moja, hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Kwao Rungwe ndivyo alivyolelewa. Hakula naye, hakulitaja jina lake kwa mdomo, na walipokutana njiani aliingia kwenye migomba akageuza uso mpaka kikohozi cha mzee kipite. Alikuwa na diploma mbili na saa ya kifuani, lakini akisikia kikohozi kile miguu yenyewe ilitoka njiani. Siku zote ishirini na tatu mzee yuko wodini mwake, alikuwa akimtunza kwa kioo tu, na salamu akizituma kwa bibi.

Alivuta pazia la kitanda cha tatu, akaingia kinyumenyume, uso ukutani. Harufu ikampokea. Pua ya nesi wa ngozi haihitaji kuambiwa mara mbili. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyozoea kwa wazee wote, akaupitisha taratibu juu ya shuka, kiunoni na chini ya kiuno. Shuka lilikuwa baridi na laini. Kwenye kichwa cha kitanda taa ya kijani ikapepesa mara moja, kuonyesha kwamba nalo godoro limeshapima na limekubaliana naye.

Akamwomba mama mkwe amgeuze mzee ubavu, amfunue, amweleze anachokiona.

Bibi aliinama karibu. "Naona kitu cheupe," alisema.

"Usaha?"

"Hapana. Kigumu." Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, huu ni mfupa."

Subilaga akageuka, akatazama. Mwisho wa uti wa mgongo wa baba mkwe wake palikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia, kingo nyeusi, na ndani yake mfupa ukimtazama. Mzee alikuwa macho. Mdomo ulikuwa umepinda upande, lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa, na alipojua ni nani anayemtazama alifumba macho, ili angalau mmoja wao asiwe anaona. Subilaga aliona aibu na uchungu kwa pamoja, na uchungu ulikuwa mkubwa zaidi. Akamfunika mwenyewe, kwa mikono yake.

*

Kufikia saa saba mchana alikuwa amefunua vitanda vyote sitini na viwili. Hakuomba ruhusa ya mtu. Wanawake ishirini na mmoja: ngozi safi, hata visigino. Wanaume vijana na wa makamo ishirini na wawili: safi. Wazee wa kiume kumi na tisa: saba walikuwa na vidonda, na wengine watano walikuwa na moto chini ya ngozi ambao ungefunguka kabla ya wiki kwisha. Juu ya kila mmoja wao taa ilikuwa ya kijani.

Mashine mbovu hukosea ovyo. Hii ilikuwa ikichagua, na ndilo lililomtia baridi. Akashuka ghorofa ya chini kwa Tumpale.

Tumpale naye alikuwa mmoja wa wale manesi watano. Mkono wake ulipotupwa, kampuni ilimpa kazi ya kutunza masomo, yaani kumbukumbu za kila mguso uliowahi kulifundisha godoro. Hakuwahi kuonyesha kinyongo. Subilaga alipomweleza, hakuuliza maswali mengi. Alivuta kioo, akayatoa masomo ya wazee wa kiume peke yake, elfu moja mia moja na arobaini, akayatandaza yote. Kila somo lilikuwa mstari unaofuata mwendo wa kiganja. Glavu ilipogusa ngozi mstari ulikuwa wa chungwa, ilipogusa kitambaa ulikuwa wa buluu. Masomo ya wanawake yalikuwa ya chungwa tupu. Haya ya wazee yalikuwa ya buluu kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

"Dada," Tumpale alisema polepole, "hapa hujagusa ngozi hata siku moja."

Subilaga akaketi. Kilichomjia hakikuwa mawazo, alikuwa mtu: Kajela. Mzee Kajela, mhudumu wa wodi, asiye na cheti hata cha darasa la saba, miaka ishirini na sita akisukuma machela. Kwa wazee ilikuwa hivi. Subilaga anapita na mkono juu ya shuka, uso kando, kumsitiri mzee wa watu, maana mwanaume wa umri ule kwake alikuwa mkwe hata kama wametoka wilaya mbili mbalimbali. Kajela anabaki nyuma ya pazia, anamfunua mzee, anamtazama na kumpapasa, kisha anatoka na kusema neno moja. "Kuzuri." Au, "Sista, pana moto." Naye Subilaga anaandika. Kwenye fomu ya kila somo palikuwa na sentensi ya kiapo, "Nimeona kwa macho yangu na nimegusa kwa mkono wangu," naye akitia saini chini yake, kwa sababu kanuni hazikumtambua Kajela, na kwa sababu, tuseme ukweli wote, ilimpendeza kuitwa nesi asiyekosea.

Wodini utaratibu ule haukuwahi kumdhuru mtu. Wazee hawakufedheheka, vidonda havikutokea, kila mtu alikuwa radhi. Lakini godoro halikumwona Kajela. Liliona mkono baridi juu ya shuka baridi, na neno "nzima" mara tisa katika kumi, na "inaanza" mara moja bila dalili yoyote ya kuieleza. Likafanya hesabu zake likaamua kwamba kwa mzee wa kiume joto halina maana na ugumu hauna maana. Mwache tu alale. Kisha magodoro yalipofungwa, wahudumu wote wasio na vyeti wakapewa mkono wa kwaheri siku moja. Kajela alikuja kumuaga Subilaga ofisini, akimkazia macho kama anayengoja asemewe kitu. Subilaga hakumsemea. Alimpa kitenge ampelekee mkewe.

Tumpale alisema na wao wanne walifanya vivyo hivyo, waliwasitiri wazee wa watu, nani angemfunua baba yake? Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na Kajela wa kuwaambia, ndiyo maana mikono yao ilionekana mibovu. "Mkono bora nchini," alisema, na hakuna kejeli aliyoitia, "ulikuwa wa mtu mwingine."

Subilaga akauliza kama somo linaweza kufutwa. Tumpale akamweleza, na maelezo yalikuwa mafupi. Masomo mapya yanaweza kuwekwa juu ya ya zamani: wazee mia nne, waguswe ngozini kweli, wiki sita kwa mtu mmoja asiyelala sana, na godoro litajirekebisha katika hospitali zote bila mtu kujua. Lakini masomo yanakubaliwa kwa jina na leseni ya mwalimu. Akikiri kwamba alitia saini kiapo cha uongo, leseni inasimamishwa siku hiyohiyo, na masomo yake yote yanakuwa batili. Hata yale ya wanawake. Hata yale ya vijana. Kisheria godoro lisilo na mkono halali halina ruhusa ya kubeba mgonjwa, hivyo yatazimwa yote, kila mahali, na hakuna mkono mwingine.

"Kwa hiyo nikinyamaza wanaoza wazee," Subilaga alisema.

"Kwa wiki sita. Ukisema, wanaoza wote mpaka Mungu anajua lini."

*

Mganga mkuu, Daktari Nsajigwa, hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, kisa kingekuwa chepesi. Alimsikiliza Subilaga mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasema wiki sita ni chache na atampa ofisi, usafiri, kila kitu. Alimwambia wazi kwamba hataki kujua zaidi ya alichokwisha kukijua.

Lilibaki suala la vidonda vyenyewe. Kidonda lazima kiandikwe. Daktari akamgeuzia kioo, na hapo Subilaga akaona kwamba wanne kati ya wale wazee saba walikwisha kuandikwa, na hakuandika mtu. Godoro lilikuwa limeandika lenyewe. Lilipohisi unyevu wa usaha, likapekua kumbukumbu zake, likakuta kwamba tangu mgonjwa alipolazwa ngozi yake imekuwa nzima kila saa, likatoa uamuzi pekee lililoweza kuutoa: kidonda ni cha zamani, mgonjwa alikuja nacho kutoka nyumbani, hivyo taa ikabaki ya kijani. Pembeni palikuwa na jina la aliyekuwa akimtunza huko. Nakala ilikwishakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kama sheria inavyotaka pale mzee anapotelekezwa.

Kidonda cha tano, kwa kuwa kimefika mfupani, kilikuwa kinasubiri saini ya nesi wa ngozi. *Mgonjwa: Anyelwisye Mwakalobo. Alikuja nacho. Mtunzaji wa nyumbani: Tusekile Mwakalobo, mke.*

Daktari alisema kwa upole kwamba hakuna atakayemfunga bibi kizee. Ataitwa mara moja, ataonywa, faili litafungwa. Subilaga alikuwa anamjua mama mkwe wake vizuri kuliko hivyo. Mwanamke yule alikuwa amemgeuza mumewe mara kumi na mbili kwa siku miaka miwili, akiamka gizani, akimpaka mafuta ya nyonyo mgongoni, na aliyemshawishi amlete hospitali alikuwa mkwe wake, huyuhuyu mkono bora, aliyemwambia mama pumzika sasa. Kuitwa mbele ya afisa na kuambiwa umemwozesha mumeo kungemmaliza.

Aliomba mpaka jioni afikirie. Daktari akampa mpaka jioni.

Hakufikiria sana, alizunguka tu. Upande mmoja aliwaona wale wanawake ishirini na mmoja na visigino vyao safi, na wenzao katika hospitali thelathini na moja nyingine, watu waliokuwa salama kwa sababu ya mkono wake na kwa sababu hiyo tu. Upande mwingine aliwaona wazee, hapa kumi na tisa, nchi nzima wangapi, wakilala juu ya heshima yake mpaka mfupa utoke. Wiki sita. Aliowakuta na moto leo wasingefika hata wiki moja. Angeweza kuwaokoa wa Itekenya kwa kuwageuza mwenyewe; wa kwingine hakuwa na njia ya kuwaonya bila kusema kwa nini. Na kati ya pande hizo mbili lilikaa jina la mama mkwe, akaona aibu kwamba ndilo lililokuwa likimuuma kuliko yote.

Alirudi kitanda cha tatu. Safari hii aliingia kwa mbele. Ripoti ya kweli ilihitaji picha ya kidonda na jina la aliyekifunua, na picha ile ingetazamwa na watu wengi. Akasimama pale anapoweza kuonekana, akasema na baba mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani. Hakujua aanzeje, akaanza na shikamoo. Kisha akamweleza yote, glavu, shuka, Kajela, kiapo, na kwamba akisema magodoro yatazimwa.

Mzee alisikiliza akiwa amekodolea dari. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, mate yakimvuja.

"Nimekwisha kuaibika," alisema. "Piga."

Subilaga alipiga picha. Halafu aliketi mbele ya kioo cha wodi, akaandika kwa Baraza la Wauguzi na kwa hospitali zote thelathini na mbili: *Katika masomo 1,140 niliapa kwamba nimeona. Sikuona. Wafunueni wazee wenu wa kiume leo hii, msiamini taa.* Akasoma mara moja, akatuma. Alitegemea atajisikia mwepesi, kama watu wanavyosimulia. Hakujisikia chochote.

*

Leseni yake ilisimamishwa kesho yake saa tatu asubuhi. Saa nne kamili magodoro yakazimwa.

Hayakupiga kelele. Wodi nzima ilitoa pumzi moja ndefu, vifuko vikanywea, na wagonjwa sitini na wawili wakashuka taratibu mpaka kwenye ubao. Mlezi aliyezimwa si godoro, ni vifundo vya plastiki juu ya ubao, na kuvilalia ni sawa na kulalia kokoto. Magodoro ya kawaida yaliuzwa zamani. Wizara ilituma ujumbe wenye maneno ya pole, ikaahidi magodoro ya sponji na manesi wa muda ndani ya siku kumi na nne. Kutoka hospitali nyingine ulikuja ujumbe mmoja tu uliomtaja Subilaga kwa jina. Ulitoka kwa nesi wa Nyanda za Juu aliyeuliza kama anajua alichokifanya.

Barua nyingine ilimfikia Bibi Tusekile mkononi: jina lake limeondolewa kwenye faili. Aliikunja akaiweka kikapuni, akavua viatu, akafunga kanga kiunoni.

Manesi wa zamu walikuwa wawili, nao walikuwa na dripu na sindano za wodi nzima. Ndugu wengine hawakuruhusiwa kuingia kabla ya saa kumi, na Daktari Nsajigwa alikuwa getini akibishana na walinzi juu ya hilo, lakini amri ya kufungua ilikuwa lazima itoke mkoani. Wakabaki wao wawili. Subilaga hakuwa nesi tena. Alikuwa hapo kama ndugu wa mgonjwa, na ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kumgusa mgonjwa asiye wake. Alifanya kama hajui.

Wakaanza kitanda cha kwanza. Kumgeuza mtu mzima vizuri kunataka watu wawili: mmoja begani, mmoja nyongani, wamvute kwa pamoja bila kumburuta, maana kuburuta kunachuna. Mto kati ya magoti, blanketi iliyokunjwa chini ya muundi ili kisigino kielee. Kisha unatazama. Kisha unagusa, ngozi kwa ngozi. Subilaga aliwafunua wazee bila kugeuza uso, mmoja baada ya mwingine, na wao wakafumba macho. Alikuwa na haraka ila hakuweza kuiharakisha kazi yenyewe. Kila mgonjwa alichukua dakika nane, wengine tisa.

Kwenye kitanda cha kumi na nne alilala mama mmoja aliyevunjika nyonga, mtu wa mzaha, ambaye jana yake alikuwa na ngozi ya kutolea mfano. Subilaga akaweka mgongo wa kiganja kwenye kisigino chake. Kilikuwa na moto.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita. Bibi alikwishapiga hatua kuelekea kitanda cha kumi na tano, Subilaga akamshika mkono. Alimweleza kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi wake zamani. Wakiendelea mbele mpaka cha sitini na mbili, itachukua saa tisa kumrudia kila mtu, na saa tisa hakuna ngozi inayovumilia, wote watatoboka. Wakirudi mwanzo sasa hivi, na kila saa mbili warudi tena, hawa kumi na wanne watasalimika mpaka geti lifunguliwe. Hakuna namna ya tatu. Kitanda cha tatu kilikuwa miongoni mwa hao kumi na wanne, na hakuna mtu mle wodini ambaye hakulijua hilo.

Bibi Tusekile alitazama safu yote iliyobaki, mpaka mwisho wa wodi.

"Ungeniandika tu mimi, mwanangu," alisema.

Mgonjwa wa kitanda cha kumi na tano, mwanamke wa kama miaka thelathini aliyepooza kutoka shingoni kwenda chini, alikuwa amewaona wakija, na kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi alikwishaanza kujifunua blanketi ili asiwape kazi kubwa. Walimpa kisogo, wakarudi kitanda cha kwanza.